Fundi kaniambia kinanda changu "kimekufa spika"

Nilitaka niandike sifa tupu. Hii kibodi ya MIDI, kinanda cha kuchomeka kwenye kompyuta, chenye vibonye 49, nimekaa nayo mwaka na ushee hapa Sakina, Arusha, nimetengenezea biti za vijana na nyimbo za kwaya, na pesa yake ilisharudi zamani. Ila kwa niliyoyaona majuzi, mnivumilie.

Ilianza na noti ya la, ile ya katikati. So na si, majirani zake, wametulia kabisa, lakini la ukiigusa kwa upole inalipuka kama mtu aliyekanyagwa kidole kwenye daladala. Siku ya mazoezi tupo kwenye ubeti wa taratibu, wa maombi, ikapiga kelele. Mwalimu wa kwaya akanigeukia kana kwamba nimefanya makusudi.

Nikaitia kwenye rambo, nikashuka mjini kwa fundi mmoja niliyeelekezwa. Mzee mwenye mvi, kibanda kimejaa redio. Nikamwamkia, hakuitika. Akachomeka waya kwenye chaja ya simu, taa ikawaka, akabonyeza la, akainamisha sikio kabisa, kama mkunga anayesikiliza tumbo. Kimya.

"Chalii, hiki kimekufa spika."

Nikamwambia mzee wangu, hakina spika tangu kizaliwe. Hakitoi sauti, kinatuma namba tu kwenye kompyuta: noti ipi, imebonyezwa kwa nguvu gani, kuanzia 0 hadi 127. Sauti inatoka kwenye programu. Laptopu hii hapa begini, tuchomeke uone. Akacheka mpaka wateja wawili wakageuka. "Kompyuta ya nini? Kinanda ni kinanda. Wewe umeuziwa mdoli." Huu utaratibu wa MIDI upo tangu 1983! Mvi zile zimeota wakati upo.

Ningeondoka pale pale. Sikuondoka, na hapo najilaumu mwenyewe. Akasema niache, atakisafisha. Niliporudi jioni, kakisugua kwa mswaki na tina. Tina, jamani, kwenye plastiki! Maandishi ya vitufe vya oktava, vile vya kupandisha na kushusha noti, yamefutika yote, uso umepauka kama goti la mtoto wa kiangazi. Shilingi 25,000. Na la bado inapiga kelele.

Usiku ule nikaifungua mwenyewe, skrubu nikizipanga kwenye kizibo cha thermosi ya chai, kwa sababu za nyuma na za ndani hazilingani urefu. Chini ya vibonye kuna utepe wa mpira wenye vidoti vyeusi vya kaboni, kila kibonye viwili. Kidoti kimoja kinagusa kwanza, kingine kinafuata, na mashine inapima muda ulio katikati yake ili ijue umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Kimoja kikishika uchafu hesabu inavurugika, ndiyo maana upole wako unasomeka kama ngumi. Chini ya la nikakuta vumbi letu lile jekundu, na ganda la karanga. La karanga! Wanakwaya wa sauti ya tatu wanajijua.

Pamba ya masikio, spiriti kidogo, nikapangusa bila kukwaruza maana kaboni ikitoka hairudi. Nikaacha ikauke hadi asubuhi. Nikairudisha, nikachomeka, la ikaimba kama malaika. Nusura nilie.

Sasa niseme nini kuhusu bidhaa yenyewe? Nilipokuwa kwa fundi nilikuwa nimeshaamua kuwaambia msinunue, mipira gani hii ya kushindwa na vumbi. Lakini nani aliiacha mwaka mzima dirishani, upande wa barabara, bila hata kanga juu yake? Basi nunueni. Ila tundu la waya lichungeni, la kwangu limeanza kulegea kwa kuchomoa kwa kuvuta, na hilo sidhani kama ni kosa langu lote. Nyota nne. Tatu, nikikumbuka yale maandishi, ingawa kibodi haikujipaka tina.

Vitufe vya oktava nimeviwekea nukta za rangi ya kucha ya mke wangu: nyekundu kupanda, pinki kushuka. Gizani zinafanana. Na jana re ya juu imeanza kugugumia. Kizibo cha thermosi nimeshakiosha.