Beseni la "kutoa sumu" miguuni: hiyo rangi ni kutu

Kifaa chenyewe ni beseni, kisanduku cha umeme na vipande viwili vya chuma vinavyozamishwa majini. Unaweka maji ya vuguvugu na chumvi kidogo, unatumbukiza miguu, na baada ya nusu saa hivi maji yamekuwa ya kahawia, yana povu na machicha. Muuzaji husema hiyo ndiyo sumu iliyotoka mwilini.

Si kweli. Chumvi huyawezesha maji kupitisha umeme vizuri. Umeme hukila chuma cha upande chanya, na chembe zake zikikutana na oksijeni huwa kutu. Mapovu ya upande hasi ni haidrojeni. Ukisikia harufu ya klorini, imetoka kwenye chumvi hiyohiyo.

Kabla ya kulipa, omba kiwashwe bila miguu, chumvi na muda vikiwa vilevile. Maji yatageuka kahawia. Kisha omba kirudiwe kwa maji yaliyokenekwa (mvuke wa maji uliopozwa ukawa maji tena), bila chumvi: rangi haitatokea. Akikataa, usitoe hela. Muulize pia kwa nini vyuma huisha na kuhitaji vipya.

Cheti cha usalama wa umeme, kama kipo, kinahusu hatari za umeme tu, kama kupigwa shoti. Hakithibitishi tiba, na inaudhi kuona kikioneshwa wagonjwa kana kwamba kinathibitisha. Kuchuja taka mwilini ni kazi ya ini na figo.

Hatukishauri kifaa hiki kwa yeyote. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni anaweza kuungua bila kuhisi, na mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asiliguse beseni hili kabisa.