Somo la vijana na jamii za milimani: uzoefu wangu wa muhula mmoja

Mimi ni mtoto wa Uru, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro; nimekulia kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba yetu Wachagga, na kunywa maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili. Nilipoliona somo hili kwenye orodha ya masomo ya hiari nilijiandikisha mara moja, nijue kwetu kunafundishwaje darasani.

Wiki ya tatu mhadhiri alichora kihamba ubaoni: migomba juu, kahawa chini ya kivuli chake, magimbi yakifuata, zizi nyuma ya nyumba. Akatueleza kuwa mwaka 2011 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, iliutambua mfumo huu, pale kijijini Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Kisha akauliza: mzee mwenye wana watano anakigawaje? Kwa desturi yetu wa kwanza hukatiwa chake, kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi. Wa katikati watajua wenyewe. Kaka yangu wa katikati yuko Dar es Salaam mwaka wa tisa sasa, na nyumbani tumezoea kusema kijana amekimbia shamba. Shamba lenyewe la kukimbia hakuwahi kuwa nalo. Jioni ile nilimpigia simu, tukaongea hadi salio likaisha.

Kahawa imefundishwa vizuri sana, kuanzia chama cha wakulima wenyeji cha 1925 hadi KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, ya 1933, na jinsi mibuni ilivyosomesha wazazi wetu. Ukishaelewa hapo, unaelewa kwa nini bei ilipoporomoka vijana hawakuona tena sababu ya kungoja urithi. Milima ya Uluguru, Morogoro, na ghasia za 1955 za wakulima waliokataa kulazimishwa na wakoloni kulima matuta zilipitiwa kwa kipindi kimoja tu. Zilistahili zaidi.

Siku nne za ziara ya darasa Marangu, kwenye lango mojawapo la kupandia Kilimanjaro, ndizo zilizonipa somo lenyewe. Tulikaa na wagumu, vijana wanaowabebea wageni mizigo mlimani, kilo 20 kwa mtu kwa mujibu wa kanuni ya hifadhi. Mmoja alituambia anadunduliza anunue kiwanja huko chini tambarare, kwa kuwa juu kwao pamejaa. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Nauli na chakula tulijilipia, kwa hiyo jiandae mapema.

Yapo yaliyoniuma. Sera yetu ya vijana ya 2007 ilimhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35, awe wa kike au wa kiume, lakini katika karibu kila tulichosoma kijana wa mlimani ni mwanaume. Binti hutajwa siku anapoolewa. Mimi nimechuma kahawa na kukatia ng'ombe majani kwenye kihamba ambacho hakuna aliyewahi kufikiri kunigawia. Nililisema darasani, nikaruhusiwa kuliandikia insha ya mwisho. Mhadhiri alilipokea kwa moyo mweupe, na kwa hilo namshukuru.

Ila ripoti za Marangu tuliziandika kwa Kiingereza, zikaishia kabatini chuoni. Wazee waliotukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, na kutusimulia mchana kutwa hawajaona hata ukurasa.

Ukiwa na asili ya mlimani, au unatarajia kufanya kazi Lushoto, Rungwe au Uluguru, lisome. Mimi nimeandika upya sehemu yangu kwa Kiswahili, kurasa nne. Desemba tukipanda kula sikukuu nitapitia Marangu nizikabidhi.