Kliniki ya ushauri nasaha, Tudor, Mombasa: ndani raha, mapokezini bado

Nimekwenda Jumamosi nne mfululizo, saa tatu asubuhi, shilingi 1,500 kwa saa moja. Mimi ni fundi cherehani Mwembe Tayari. Tangu mama afariki, usiku silali, na mchana nakata kitambaa cha huyu kwa vipimo vya yule. Shangazi aliniandikishia kombe, yaani aya za Kurani zinazoandikwa kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, nikanywa. Huku nako nikaja.

Naanza na kilichoniuma. Kliniki ina daktari wa meno pia, na binti wa mapokezi aliniuliza mbele ya benchi zima: "Wewe wa meno au wa akili?" Vichwa vyote vikainuka. Nikajibu, wa meno. Nilikaa na wa meno robo saa nzima ndipo nikapata moyo wa kumrudia na kumnong'oneza.

Ndani ni mambo mengine kabisa. Mshauri ni mama wa makamo, hana haraka, wala hakushika kalamu mpaka nilipomaliza kulia. Nilimwambia, "Mimi sina hiyo afya ya akili, nina huzuni tu."

Akaniuliza, "Bi, ukisema fulani ana afya, wamaanisha nini?"

"Mzima."

"Mbona ukisema ana afya ya akili, wamaanisha mgonjwa?"

Sikuwa na jibu. Mtaani kwetu ndivyo tusemavyo: "yule ana afya ya akili", na mkono unazungushwa kando ya kichwa. Akanieleza kwamba Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyoanza kutumika 1948, lilisema afya ni uzima wa mwili, wa akili na wa kuishi na watu, si kukosa maradhi tu. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na ugonjwa wa akili, akatumia dawa zake na kuendesha duka lake vizuri. Mwingine hana ugonjwa wowote, lakini amechoka mpaka hawezi kushika mkasi. Huyo wa pili ndiye mimi. Wiki ya tatu nililala hadi adhana ya alfajiri.

Huduma naisifu kwa dhati. Lakini Jumamosi ya pili kijana mmoja aliulizwa lile swali la meno na akili, akageuka, akashuka ngazi. Sijamwona tena. Nimewaomba waulize "ushauri au meno?", tena kwa sauti ya chini. Jumamosi iliyopita walikuwa bado wanauliza vilevile.