Boksi la ofisini na kadi ya mtumba: nimecheza wiki tano, haya ndiyo niliyoyaona

Niseme mapema: nia yangu haikuwa kwenda Kariakoo kununua kompyuta ya mtumba ya kuchezea magemu. Mwaka mzima wa 2025 nilikuwa kwenye mchezo wa upatu na wenzangu, watu kumi na wawili, laki laki kila mwezi, zamu yangu ikaangukia Desemba. Hiyo milioni moja na laki mbili nilishaipa jina kabla sijaishika: RTX 4060, kadi ya kompyuta inayochora picha za magemu, mpya, ya kwenye boksi. Kompyuta ya kuichomekea ningeitafuta baadaye, Mungu angejua.

Kisha mwenye nyumba akapita. Chumba na sebule Tabata, kutoka laki na ishirini hadi laki na nusu, na kodi ni miezi sita kama kawaida yao. Tayari laki na themanini imeondoka. Mdogo wangu naye anaingia kidato cha kwanza, bweni: godoro, sare, ndoo, madaftari, nikatoa laki mbili. Nikabaki na laki nane na ishirini, nikapanda daladala kwenda mjini, ile nauli ya jero iliyogeuka mia sita tangu Desemba 2023, nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani.

Duka lenyewe silitaji jina, mwenyewe hakuniomba tangazo. Lipo ghorofani, unapanda ngazi za nyuma zinazonuka rangi ya viatu. Ukiwa bado chini utakutana na mawinga, na kila mmoja ana "duka la kaka yake". Mwaka 2024 nilimfuata mmoja. Nikauziwa kadi ya RX 580 ya GB 8 kwa bei ya kutupa, nikafika nyumbani nikijiona mjanja. Kumbe ilikuwa ile yenye vitengo 2048 vya kuchakata badala ya 2304 vya RX 580 kamili, na ilishachosha maisha yake kwenye kuchimba sarafu za kidijitali. Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, ilipoacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, kadi za namna hiyo zilimwagika sokoni dunia nzima, na mojawapo ikanifikia mimi. Siku ya tisa skrini ikaanza kutoa rangi rangi kama kitenge kipya. Winga nilimpigia mpaka nikachoka. Kwa hiyo safari hii nilipita katikati yao kama sisikii.

"Karibu dada. Unamnunulia mdogo wako?" Ndivyo alivyonipokea mwenye duka. Nikamwambia nacheza mwenyewe. Akacheka, akaomba radhi, akanipa kiti. Hapo nilimpa nyota moja ya kwanza.

Kwenye kabati lake la kioo kuna boksi la RTX 4060. Pembe moja ya boksi imeshapauka kwa jua la dirishani. Nikauliza bei, akaniambia milioni moja na laki moja na nusu, halafu akaongeza bila kuulizwa: "Hiyo nimeikalia tangu mwaka juzi. Watu wanakuja kuipiga picha." Kadi hiyo ilipotoka Juni 2023, Nvidia, kampuni yake, waliitangaza kwa dola 299. Sasa fikiria: mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kwenye shilingi 2,300 na kitu, mwaka uliofuata ikagusa 2,700. Kitu cha dola 300 kikapanda zaidi ya laki moja bila kiwanda kuongeza hata senti. Baadaye shilingi ikapata nguvu, lakini mzigo ulioingia kwa dola ya juu unauzwa kwa dola ya juu, na yeye hawezi kujichoma mkono ili mimi nifurahi.

Ukigeuka nyuma yako, hadithi nyingine kabisa. Mashine za ofisini za mtumba zimepangwa hadi karibu na dari kama magunia ya mahindi, na vijana wawili kazi yao ni kuzipuliza vumbi tu. Hizo hazikai. Zimeongezeka pia kwa sababu Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizitaki prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Ofisi za Ulaya na kwingineko zinazitoa, sisi tunazipokea. Nilichukua HP EliteDesk 800 G2, ile ndefu ya kusimama, yenye prosesa ya i5-6500, ramu (kumbukumbu ya muda) GB 8 na diski ya zamani ya GB 500, kwa laki tatu na themanini. Nilisisitiza ndefu. Ile nyembamba ni nzuri kwa macho, lakini inakubali kadi fupi tu, na pawa saplai yake, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani, ni wati 200. Ndefu ina 280.

Hapa nitakawia kidogo, maana ndipo watu wanapopigwa. Mashine za ofisi zina pawa saplai zake zenyewe, na plagi za ndani si zile za kawaida, kwa hiyo usidhani utanunua kubwa ya kwenye rafu uichomeke. Kadi ndiyo inabidi ilingane na mashine. RX 580 kamili ni ya darasa la wati 185, na hata ile yangu marehemu ilitaka waya wake wa ziada. GTX 1650 ya GB 4 inakula wati 75, na nyingi zinapata umeme wote kwenye tundu la ubao mkuu wa mashine bila waya wowote. Kijana wa duka alinisukumia GTX 1050 Ti kwa kupunguza elfu sabini. Nikakataa. Nvidia waliacha kutoa madereva mapya (programu za kuiendesha kadi) ya magemu kwa kizazi hicho Oktoba 2025, wakati 1650, ya 2019, bado imo kwenye orodha. Elfu sabini kwa miaka miwili mitatu ya madereva naona ni halali yake. Bei ya 1650: laki mbili na themanini.

Nikaomba tuijaribu. Mwenye duka akawasha ile programu ya kuikimbiza kadi mpaka ichemke, tukakaa tunaangalia namba: nyuzi 58, 64, 69, ikasimama 71. Dakika ya kumi na mbili akaanza kutazama ukutani. "Dada, huo ni umeme wangu." Nikamwambia na laki mbili na themanini ni zangu. Akaniachia hadi dakika ishirini. Nyota nyingine.

Tukiwa tunasubiri akaingia kaka mmoja, shati la kazini, mkononi taulo la kuogea lililokunjwa vizuri. Ndani yake kulikuwa na RTX 3060 ya GB 12, safi, feni hazina hata unyoya wa vumbi. Anauza. Mwenye duka hakuuliza sababu, ni Januari, kila mtu anaijua sababu. Yule kaka akasema mwenyewe: ada za watoto wawili. Wakavutana, akapewa laki nne na nusu, akalikunja lile taulo tupu na kuliweka kwapani. Niliitamani ile kadi, sitadanganya. Ni ya wati 170, isingekaa kwenye mashine yangu hata kwa maombi.

Ramu ndiyo iliyoniuma. Fimbo moja ya GB 8 ya DDR4, ya mtumba, kijana wa steshenari ya jirani yangu aliipata katikati ya 2025 kwa elfu thelathini na tano. Mimi nimetoa elfu sabini na tano. Nikafikiri napigwa, nikauliza maduka mengine mawili, wote wako hapo hapo. Watengenezaji wakubwa wa chipu za kumbukumbu, Samsung, SK Hynix na Micron, wameelekeza nguvu kwenye seva za akili bandia, na Micron walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaachana na Crucial, jina lao la kuuzia watu kama sisi. Yaani hata fimbo iliyokwishatumika Kariakoo imesikia. SSD, diski ya kisasa yenye kasi, ya GB 240 ilikuwa elfu hamsini na tano. Jumla laki saba na tisini. Bajaji alitaka elfu kumi na mbili hadi Tabata, tukaelewana nane.

Inachezaje sasa? GTA V kwa ubora wa picha wa 1080p, mipangilio ya juu lakini si ya mwisho, inatembea kwenye fremu 70 hivi kwa sekunde na haitetereki. eFootball haina neno. Counter-Strike 2 inakwenda, ila moshi ukitupwa na watu wakajaa sehemu moja unaisikia prosesa inahema; ina koa nne tu, yaani vichwa vinne vya kufanyia kazi, na za 2015. Magemu mapya makubwa GB 4 za kadi hazitoshi, na mimi nimeyasamehe. Mchana mashine ipo kazini kwangu, steshenari, inachapa barua na kutengeneza kadi za harusi, jioni naibeba. Ni nzito.

Umeme niliupima. Nilizima friji na taa zote, nikasoma LUKU: 14.62. Nikacheza saa mbili gizani, nikasoma tena: 14.27. Uniti 0.35, kwa shilingi 356 kila uniti, ni kama shilingi 125. Kwenye banda la PS la mtaani kwetu mechi moja ni jero, kwa hiyo usiku wangu mzima ni robo ya mechi. Mwenzangu mwenye mashine kubwa anasema tangu vyuma vikaze anacheza wikiendi tu, na si kwa kukosa muda.

Lawama zangu kwa duka: waranti ni wiki mbili, imeandikwa kwa kalamu nyuma ya karatasi ya kalenda, japo risiti ya EFD nilipewa bila kuomba mara mbili. Ile diski ya zamani inalia kama mlango wa stoo, nimeichomoa. Na feni ya mashine ikipata joto ina sauti ya pasi ya mkaa inapopulizwa.

Nampa nne kati ya tano. Ya tano imezuiwa na waya wa skrini, ambao aliniapia umo ndani ya boksi. Haumo. Nimemtumia ujumbe, akajibu "njoo uchukue dada yangu", na nauli ya kwenda na kurudi ni elfu moja na mia mbili.