Kohanga reo (chekechea inayoendeshwa kwa lugha ya Kimaori) au chekechea ya kawaida?
Mtoto wa Kimaori, wenyeji asilia wa New Zealand, akikaribia miaka 3, wazazi wake huko huanza kujiuliza hili. Ada haiwatenganishi sana: serikali hugharimia hadi saa 20 kwa wiki pande zote mbili. Kwa lugha, kohanga reo, zilizoanza mwaka 1982 huko Wainuiomata, hazina mpinzani. Mtoto anakula, anaimba na hata anakanywa kwa Kimaori, na wazee wakiwa karibu.

Ila mzazi naye ana kazi: vikao, usafi, maamuzi ya uendeshaji. Chekechea haimdai hivyo, kwa hiyo anayefanya kazi za zamu atapumua. Lakini kama nyumbani Kimaori kimebaki kwa bibi peke yake, ningekusihi uanzie kohanga.