Makita BO5031: mashine nzuri ya msasa, ila usiuamini mfuko wake wa vumbi

Katika karakana nyingi ndogo za samani, Ndeeba au Nsambya jijini Kampala, kupiga msasa kwa mashine bado ni kuchukua grainda, kuivua kinga na kuifunga diski ya msasa. Grainda ya milimita 115 huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, na ikinasa ukingo wa mbao humrukia fundi. BO5031 ni mnyama mpole kuliko huyo: pedi ya milimita 125 inayozunguka huku ikitikisika, wati 300, kilo 1.3 hivi. Ikiteleza hukwangua ngozi, haikati kidole.

Hatari yake ni vumbi. Pedi ina matundu manane, na msasa usipobandikwa tundu kwa tundu, unga haufyonzwi. Karatasi huziba, mbao huungua, na kilichobaki huishia puani. Hata ukibandika sawasawa, mfuko hukamata unga mkubwa tu; ule laini unaofika mapafuni hupenya kitambaa. Mwaga mfuko ukijaa nusu, maana baada ya hapo ufyonzaji hudhoofika. Kama umekwangua vanishi ya mafuta ya kitani, usiuache na vumbi hilo usiku kucha, kwani linaweza kujiwasha lenyewe. Mwenye mashine ya kufyonza vumbi auvue mfuko na kuunganisha bomba.

Mvule ndiyo mtihani wenyewe. Vumbi lake huwasha macho na ngozi, na wengine huwaletea pumu. Ndani ya mbao hiyo pia hujificha vijiwe vya chokaa vinavyochana karatasi. Vumbi la mbao, si la mvule pekee, IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ililitaja mwaka 1995 kuwa linasababisha saratani kwa binadamu. Leso haisaidii. Vaa barakoa ya FFP2 (daraja linalochuja vumbi laini) iliyobana pua (ndevu huiachia mwanya), pamoja na miwani na vizibo vya masikio. Na kile kitendo cha kujipuliza kwa kompresa jioni kiachwe kabisa: hurudisha hewani vumbi lote lililokwisha kutua.

Chomoa plagi kabla ya kubadili karatasi. Washa, subiri mashine ishike kasi, ndipo uilaze mbao kwa wepesi. Kuikandamiza hupunguza kasi na kupasha mota moto. Usiiendeshe bila karatasi, pedi itaharibika.

Waya wake una nyuzi mbili, hauna ule wa ardhi (ethi). Ukibadili plagi, kahawia huenda kwenye alama L (laivu), bluu kwenye N (nyutro), na fyuzi ya ampea 3 inatosha; ile ya 13 huchelewa kukatika waya ukichubuka. Brashi za kaboni zikichakaa hadi alama, badilisha zote mbili kwa pamoja.

Kwa meza, milango na viti tunaipendekeza, ukianza na msasa namba 80, kisha 120, kisha 180. Kona za ndani na nakshi haizifikii. Huko ni msasa wa mkono.