Unampeleka mgonjwa Delhi? Chakula cha Watibeti kipo Majnu ka Tilla

Juzi jirani yangu hapa Ngamiani alinijia baada ya Isha. Viza imetoka, anampeleka mumewe Delhi kwa matibabu. Habari za madaktari hakuuliza, aliuliza moja tu: "Dada, huko tutakula nini?" Nilimjibu pale pale barazani, lakini wenye swali hilo Tanga ni wengi, kwa hiyo nayaandika.

Mimi kazi yangu ni mikate ya mofa, nachoma na kuuza asubuhi. Delhi nilikaa wiki saba nikimuuguza mdogo wangu. Wiki ya kwanza tulikula mitaa ya jirani na hospitali: dengu na chapati, dengu na wali, kesho dengu tena. Mgonjwa akafika mahali akiona sahani anageuza uso. Muuguzi mmoja Mtibeti akanihurumia, akanielekeza: panda metro ya mstari wa njano, shuka Vidhan Sabha, ukitoka nje chukua bajaji ya umeme, sema Majnu ka Tilla, ndio mtaa wa Watibeti.

Tilla ni kilima. Majnu, inavyosimuliwa, alikuwa mcha Mungu aliyewavusha watu mto Yamuna kwa mashua bila kuwadai nauli. Watibeti walianza kukaa hapo miaka ya 1960, baada ya Dalai Lama, kiongozi wao wa dini, kukimbilia India mwaka 1959 na maelfu kumfuata. Usitegemee barabara zilizonyooka kama zetu za kuhesabu namba. Ni vichochoro, ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta.

Wageni wengi wanaishia mbele, kwenye mikahawa ya foleni. AMA Cafe ndiyo inayojulikana kuliko zote, na keki zake ni nzuri kweli. Lakini kama umekwenda kwa ajili ya chakula cha Kitibeti, pita. Ingia ndani.

Anza na mama wa laphing. Hana duka, ana meza ndogo chini ya ngazi ya nyumba na vigoda vitatu vya plastiki. Laphing nyeupe inatokana na wanga wa choroko, hizi hizi choroko tunazopika kwa nazi. Wanga unapikwa na maji, unaachwa ugande mpaka uwe kama faluda, ila haina sukari. Ya manjano ni ya wanga wa ngano, nayo ndiyo niliyoipenda. Nilisimama nikamtazama mikono. Anachukua ukurasa mmoja mwembamba, anautandaza kwenye kiganja, anapaka mafuta ya pilipili kwa mgongo wa kijiko, anamwagia maji ya kitunguu saumu na sosi ya soya, anakunja kama mkeka, anakata vipande kwa kisu kidogo, kwisha. Nilihesabu pumzi zangu, hazikufika kumi. Kinywani ni baridi, inateleza, halafu pilipili inakuja kwa nyuma na kukaa. Nililipa rupia 60. Siku ya tatu aliponiona kwa mbali tu alianza kukunja, na kitunguu saumu akazidisha bila kuambiwa.

Chakula cha mgonjwa nilikipata ghorofa ya kwanza ya nyumba iliyo nyuma ya hekalu. Ngazi nyembamba, meza nne, hakuna picha za chakula ukutani. Mzee anapika, mkewe anahudumu. Agiza thenthuk. Sisi tambi tumezizoea na sukari, iliki na tui, kwa hiyo jiandae: hizi ni za chumvi, zinaelea kwenye supu. Tena si tambi za pakiti. Mzee ananing'iniza ukanda wa unga uliokandwa kwenye mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia anachana vipande vya ukubwa wa kidole gumba, anarusha kwenye sufuria inayochemka, upesi upesi, bila kuangalia. Ndani mna mchicha wa Kihindi, figili na tangawizi. Mimi kazi yangu ni unga, na nasema huyu mzee unga anaujua. Vipande vyake ni laini lakini havivurugiki mchuzini.

Nilimpelekea mdogo wangu kwenye chupa ya chai ili kisipoe. Alikula chote. Akaomba na mchuzi uliobaki chini. Tangu tutoke nyumbani nilikuwa sijamsikia akiomba chakula.

Sasa la nyama, na hili lisikilizeni vizuri. Delhi sheria hairuhusu kuchinja ng'ombe, kwa hiyo nyama ya Watibeti ni ya nyati wa kufugwa, kuku, na nguruwe wengi sana. Sehemu moja niliagiza momo za mboga, yaani vifuko vya unga vinavyojazwa na kupikwa kwa mvuke, nikaletewa za nguruwe. Nilizigundua kwa harufu kabla sijatia mdomoni, na nilipouliza walinijibu kwa mabega tu. Sikurudi tena. Uliza kwanza kama za mboga zinapikwa kwenye sufuria yake ya mvuke. Yule mzee alinipeleka jikoni akanionyesha mwenyewe. Ukitaka nyama ya halali, nenda Old Delhi, pembeni ya msikiti wa Jama Masjid, huko imejaa. Momo zenyewe, za viazi au za jibini, nzuri, lakini zinauzwa Delhi nzima. Usifunge safari kwa ajili yake.

Chai yao, po cha, inatiwa siagi na chumvi. Mimi ilinishinda. Ila nilielewa kwa nini wanaipenda: kwao kuna uwanda ulio juu zaidi ya mita 4,000, na Lushoto yetu tunayoilalamikia baridi ni mita 1,400 hivi. Mwili huko unadai mafuta.

Kabla sijasahau, wahi asubuhi, saa mbili hivi. Mlangoni mwa vichochoro wanakaa bibi watu wazima wanauza balep, mikate ya duara ya ngano, minene, imefunikwa kwa kitambaa. Ukiivunja mvuke unatoka. Haina nazi wala iliki, lakini ngozi yake ngumu na ndani yake laini vilinikumbusha tanuri langu, nikanunua sita siku ya kwanza.

Jirani yangu anaondoka Jumanne. Nimemchorea vichochoro kwenye karatasi, nimeweka alama ya ngazi ya mzee na meza ya mama wa laphing. Na nimemfungia chupa ya pilipili ya embe ndani ya taulo, ampelekee yule mama.